Kopo la Kupimia Mchele

Bila nambari, akasema yule kijana wa nyaraka,
huyo babako ni jina tu,
na majina hapa tunayo magunia.
Anaitwa Mwero. Mpole, ana mafua ya vumbi,
ananiletea faili kwa kigari chenye gurudumu linalolia
nami nafungua jalada baada ya jalada
kwa kidole nilicholowesha ulimini, mpaka akanikataza.

Majuma matatu nimepanda ngazi zile.
Nimewajua wafu wa watu wengine:
aliyekufa kwa kuhara kabla meli haijatoka Kilindini,
aliyekatwa mshahara kwa kupoteza blanketi,
mmoja wa Kisauni aliyeandika, au aliyeandikiwa,
mwambieni mke wangu asimuuze mbuzi.
Wangu simwoni.

Na sina la kumsaidia Mwero.
Baba hakusimulia. Ukimuuliza Bama
atakwambia kulikuwa na matope, kisha aulizie chai.
Alikuwa Keya, tulijua hivyo tu,
kama unavyojua nyumba ya jirani ina kisima.

Usiku ule, nyumbani Kuze, nikipima mchele
kwa kopo lile lile la bati alilopimia mama,
makopo mawili ya watu, nusu ya mgeni asiyejulikana,
kidole kikapita chini ya kitako, kikakwaruzika.
Nikasugua masizi kwa jivu na ndimu.
E, kumbe.
Herufi mbili, tarakimu tano, zimechorwa kwa msumari.
Miaka sitini tumekula kwa nambari yake.

Mwero akarudi na jalada jembamba kama chapati ya maji.
Shey Combo, wameandika.
Shee bin Mwinyikombo, babangu, futi tano inchi nne.
Kabila: wameandika, wakafuta, wakaandika, wakafuta.
Kazi: nyumbu. Basi, nyumbu.
Elimu: hajui kusoma wala kuandika.
Na dole gumba la wino, kubwa, kama doa la zambarau.

Nikacheka hata msomaji wa meza ya pili akageuka.
Babangu! Aliyenichapa kwa kuisahau hamza,
aliyewaandikia barua nusu ya mtaa!
Nikavaa miwani tena. Pembeni mwa dole, kwa penseli,
kijistari alichodhania karani ni mchezo wa mkono,
kutoka kulia kwenda kushoto, mwandiko wa chuoni:
Shee bin Mwinyikombo. Nimeandika mwenyewe.
Mwero akauliza, hayo maua ni nini?
Nikamsomea.

Ukurasa wa mwisho ni wa daktari.
Kombora limelipuka karibu. Nyumbu wawili wamekufa.
Sikio la kushoto halisikii, wala halitasikia.
Hakuna fidia.

Mimi nilikuwa nikikaa kushoto kwake.
Kulia kulikuwa kwa kaka Famau, kwa kuwa ni mwanamume.
Yote niliyomwambia pale barazani,
ya shule, ya jino, ya kuwa yule mchumba simtaki,
nilimwambia, akatazama njia tu,
nikaozwa.
Nikamwita jiwe, moyoni, miaka arubaini na kitu.

Nimekwenda Kikowani asubuhi ya leo.
Walimlaza kama ilivyo sheria, ubavu wa kulia, uso kibla.
Sikuwepo, sisi wanawake tulibaki na khitma,
lakini najua maiti hulazwa vipi.
Sikio zima liko chini, limelalia mchanga.
Lililo juu ni lile.
Nikachutama. Dua nimeisoma, Mungu anasikia kote.
Kisha nikalitoa kopo mkobani,
nikagonga ardhi kwa kitako chake,
taratibu, kama mtu abishaye hodi kwao mwenyewe,
nikaanza na lile la jino.